Fungate ya Mtu Mmoja

Asubuhi hiyo Kitinda alimbusu mkewe kwenye paji la uso, akamwambia anateremka mjini kukata tiketi za boti, asijisumbue kuamka, atakuwa amerudi kabla chai haijapoa. Mkewe akajigeuza upande wa pili na kulivuta shuka. Alisikia viatu vya mumewe vikishuka ngazi za mbao, akamsikia akitaniana na wenye nyumba kule chini, halafu geti likalia. Akarudi kulala, usingizi mtamu wa mtu ambaye baada ya miaka mingi hana kinachomkimbiza.

Chai ilipoa. Ikapashwa moto, ikapoa tena.

Mwanamke huyu watu walimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi wa mapazia, tena fundi hasa, si wa kubahatisha. Hata ugenini hakuweza kuingia chumba bila kulishika pazia na kuligeuza pindo aone lilivyoshonwa. Mumewe alimcheka sana kwa hilo. "Wenzako wakija fungate hutazama nje ya dirisha," alimwambia. "Wewe unatazama dirisha."

Hiyo ilikuwa nyumba ya wageni ya tatu tangu wavuke mpaka. Hazikuwa gesti zile ambazo mtu wa mapokezi anakuuliza bila kukutazama usoni kama unakaa saa moja au unalala. Hizi walizichagua wenyewe, jioni baada ya jioni, vichwa vyao vimegusana juu ya simu moja. Ya kwanza ilikuwa ukingoni mwa mto, na vyura waliimba mpaka maharusi wakakata tamaa ya kulala na kuanza kucheka. Ya pili zamani ilikuwa stesheni ya treni. Kitanda chao kiliwekwa katika chumba cha kukatia tiketi, na Kitinda alikwenda nje, akachungulia kwenye kidirisha, akamuuliza mkewe kwa sauti ya kiofisi, "Mama, unasafiri kwenda wapi?" Fundi akamjibu, "Utakakokwenda wewe, bwana." Walicheka, kisha wakaacha kucheka, wakatazamana kupitia kidirisha kile hadi mhudumu aliyekuwa anafagia akaona aibu na kwenda kufagia kwingine.

Hii ya tatu ilikuwa juu ya kilima, yenye roshani inayotazama ziwa na ukuta uliofunikwa na maua ya kutambaa. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya posta. Mkewe alipiga pasi mashuka ya wageni kwa mikono yake mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine. Kutwa waligombana juu ya maua: mzee anayamwagilia, bibi anasema anayazamisha. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokotaokota, lakini neno moja walilijua vizuri, maharusi, na kila walipolitamka walitabasamu kama vile ni wao waliooana juzi.

Kabla ya Kitinda, Fundi alikuwa ameolewa mara moja. Mimba zilimharibikia, na ya mwisho nusura iondoke naye. Daktari alilazimika kumtoa kizazi ili aokoe roho yake. Mume yule wa kwanza alingoja kidonda kipone, kwa adabu kabisa, ndipo akamrudisha kwao. Tangu hapo Fundi alijiambia kwamba mapenzi ni ya watu wengine, yeye Mungu amempa cherehani.

Halafu mama mmoja mjane akamwita ashone mapazia ya sebule yake. Mama huyo alikuwa na mabinti watupu na mtoto mmoja wa kiume, wa mwisho, ambaye kwao waliendelea kumwita Kitinda hata baada ya kuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa. Siku ya kutundika mapazia Kitinda alikuwa nyumbani. Alimshikia Fundi ngazi mchana mzima, ngazi yenyewe imara kama nguzo, isiyohitaji kushikwa na mtu. Fundi alimweleza habari zake zote kabla hata hajakubali kushikwa mkono. Kitinda alisikiliza, kisha akasema, "Nimekupenda wewe. Sijawapenda watoto ambao hawapo."

Mama yake aliyapenda sana mapazia yale. Aliwaita jirani waje wayaone, akasema fundi huyu ana mikono ya baraka. Siku mwanawe alipomwambia anataka kumwoa mwenye mikono hiyo, hakugomba. Alipanda kwenye kiti, akayateremsha mapazia yote, akayakunja, akayatia kwenye gunia na kuyarudisha dukani kwa Fundi. Sebule ikabaki wazi, wapita njia wanaona mpaka ndani. "Jina la marehemu mume wangu," alisema mama huyo, "haliwezi kuzikwa na mwanamke aliyekwisha kuzika watoto wake wote." Basi Kitinda na Fundi wakafunga ndoa ofisini kwa msajili, upande wa bwana harusi hakuna mtu, wakavuka mpaka siku iliyofuata.

Mama alipiga simu kila siku ya fungate. Simu ikilia, Kitinda alishuka bustanini akazungumze huko. Fundi alikaa roshani akiutazama mgongo wa mumewe, mgongo wa mwanamume mzima, na kila mazungumzo yalivyoendelea aliuona ukipinda taratibu, ukawa mgongo wa mtoto aliyevunja kikombe. Akirudi juu alisema, "Mama anasalimia."

"Amenisalimia mimi?" Fundi aliuliza siku moja.

"Anasalimia," Kitinda alirudia, akaenda kunawa uso.

Sasa jua lilikuwa limepita utosi na mume hajarudi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Fundi alivaa ndala akateremka kilima hadi ziwani, akamuuliza muuza tiketi za boti, akamwonyesha picha. Muuza tiketi alisema mtu kama huyo angemkumbuka, maana asubuhi hakuna aliyekata tiketi. Akaenda zahanati kuuliza kama ameletwa mtu aliyegongwa. Muuguzi akatikisa kichwa. Akawauliza wapiga makasia, wauza matunda, dereva wa gari la maji. Wote walimjibu kwa upole, na upole wao ulimtisha kuliko ukali. Alipanda kilima, akaikuta meza ya chakula imetandikwa kwa ajili ya watu wawili, na bibi mwenye nyumba amesimama kando yake.

Usiku ule hauna haja ya kusimuliwa. Ulipita.

Kesho yake alasiri gari dogo la kukodi lilisimama chini ya kilima, pale njia inapokuwa nyembamba, akashuka mwanamke mnene aliyejitanda khanga mabegani. Alipanda polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache. Fundi alimtambua kabla hajafika getini. Alikuwa dada mkubwa wa Kitinda, ambaye kwao walimwita Dada Mkubwa bila kuongeza neno, mkunga wa siku nyingi, mwanamke mwenye sauti ya chini. Fundi alishuka ngazi mbio, pekupeku.

"Yuko hai?" aliuliza.

Dada Mkubwa alimtazama, akaona macho yasiyolala, akashtuka. Ilikuwa wazi kwamba hakutarajia kuulizwa swali hilo.

"Yuko hai, wifi. Mzima kabisa. Hakukwambia?"

Fundi alikaa kwenye ngazi. Furaha ilimjia kwanza, furaha ya ajabu, amani ya mtu aliyekuwa amekwisha kuanza kuosha maiti moyoni. Akashukuru Mungu kwa sauti. Kisha maneno ya mwisho ya wifi yake yakamfikia, na furaha ile ikamgandia usoni.

"Hakuniambia nini?"

Dada Mkubwa aliomba maji. Bibi mwenye nyumba alimletea, akaona nyuso zile mbili, akamvuta mumewe waende uani. Dada Mkubwa akanywa glasi nzima ndipo akaanza, na alieleza bila kujitetea. Mama aliacha kumeza dawa zake za presha tangu siku ya ndoa. Alisema anamfuata marehemu, akamweleze jina lake limeishia wapi. Alikuwa amevimba miguu, hasemi na mtu ila na mwanawe kwenye simu. Mabinti waliketi, wakaamua mkubwa wao afunge safari aje kumrudisha mdogo wao nyumbani. Alifika mjini jana alfajiri, akampigia Kitinda wakutane katika hoteli ya karibu na kituo cha mabasi.

"Alikuja kuniambia hapana," alisema Dada Mkubwa. "Sikufichi. Aliingia mlangoni nikaiona hiyo hapana mdomoni mwake. Nikampigia mama, nikampa simu. Mama hakusema neno. Alikuwa analia tu, na mdogo wangu amesimama anasikiliza, mpaka akakaa chini sakafuni."

"Halafu?"

"Halafu hakuweza kurudi huku. Alisema akirudi huku hataweza kuondoka."

Fundi alitazama glasi tupu. "Kwa hiyo wewe umekuja kufanya nini, dada?"

Dada Mkubwa alikuwa amezalisha wanawake wengi, wengine usiku wa manane kwa mwanga wa mshumaa, na hakuwa mtu wa kukosa maneno. Hapo akajitanda upya khanga ambayo haikuwa imeanguka.

"Nimekuja kuchukua begi lake."

Walipanda chumbani. Dada Mkubwa alisimama mlangoni akatazama kitanda kikubwa, roshani, ziwa likimetameta, na viatu viwili vya mpira vya mdogo wake chini ya kiti. Akasogea amsaidie kukunja nguo. Fundi akamzuia kwa mkono.

"Niache. Hii ni kazi yangu."

Akayakunja mashati ya mumewe moja moja, mikono nyuma, kola juu, kama anavyokunja kitambaa cha mteja. Shati moja lilikuwa limelegea kifungo. Alichukua sindano kwenye mkoba wake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akakikaza, akakata uzi kwa meno. Dada Mkubwa aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Ungeolewa na mwanamume mwingine yeyote, wifi," alisema bila kugeuka, "ningekuja mwenyewe kupika siku ya harusi yako. Mimi nazijua habari za tumbo. Najua si kosa la mtu. Lakini yule ni mama yangu."

"Najua ni mama yako."

"Usinichukie."

Fundi alifunga zipu ya begi. Alitaka kusema kwamba hana nguvu ya kumchukia mtu, kwamba zilizobaki anazihitaji kwa kupumua. Lakini aliuliza swali moja tu, swali alilokuwa nalo tangu kule ngazini.

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ndani ya gari, pale chini. Alisema hatashuka."

Fundi hakungoja. Alitoka vile alivyokuwa, akapita bustanini, akapita wenye nyumba waliokuwa wamesimama na ndoo ya kumwagilia, akateremka njia ya mawe. Dereva alikuwa amekaa kando ya barabara kivulini. Kitinda alikuwa kiti cha nyuma. Alipomwona mkewe alijikunyata, na ghafla akaanza kulia kabla hata Fundi hajafika. Kioo kilikuwa kimeteremshwa. Fundi akaweka mikono yake juu ya ukingo wa dirisha, na wakatazamana.

Alikuwa amekonda kwa siku moja. Hajanyoa. Shati lile lile la jana. Pete ilikuwa bado kidoleni, na kuiona kulimuumiza Fundi kuliko kama angekuwa ameivua.

"Nilidhani umekufa," alimwambia. "Nimekutafuta zahanati."

"Nisamehe."

"Nilimwonyesha muuguzi picha yako."

"Nisamehe, mke wangu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sijui nifanye nini. Nikimwacha mama akafa, nitakuangalia vipi maisha yangu yote? Kila nikikuona nitamwona yeye. Na nikikuacha wewe..."

"Ulijua yote haya ulipokuwa unashika ngazi."

"Nilijua. Nilidhani nina nguvu."

Upepo ulipita kutoka ziwani. Fundi alitamani kumshika shavu, na alimshika. Kitinda akaufunika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaung'ang'ania, akasema kwa haraka, kama mtu anayeogopa kubadili nia:

"Niambie nishuke. Niambie sasa hivi, Fundi wangu. Ukisema shuka, nashuka, na sitageuka nyuma tena. Wewe sema tu."

Neno lilikuwa fupi. Fundi alilisikia ulimini, tamu na zito. Aliona yote yatakayofuata akilitamka: mlango unafunguka, dereva analipwa, Dada Mkubwa anateremka peke yake mikono mitupu, wao wawili roshani mpaka jua linazama. Aliona pia simu ya kesho na mgongo bustanini. Aliona siku watakayoletewa habari za msiba, na macho ya mumewe yatakavyomgeukia yakitafuta aliyesema neno lile. Hayatajitazama yenyewe. Yatamtazama yeye.

Akauondoa mkono wake polepole.

"Mlango haujafungwa," alisema.

Kitinda alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Akageuza uso, akaitazama komeo ya mlango iliyokuwa karibu na goti lake, komeo ndogo ambayo hata mtoto angeivuta. Fundi alirudi nyuma kidogo ili mlango upate nafasi ya kufunguka. Alisimama hapo, mikono imening'inia, na moyo wake wote ukamwomba mwanamume yule kitu kimoja tu, ambacho mdomo wake uliapa hautakiomba.

Mkono wa Kitinda ulinyanyuka. Ulifika gotini. Ukakaa hapo.

Dada Mkubwa alifika akihema, begi mkononi. Dereva alilitia begi nyuma ya gari, akakaa mbele ya usukani, akatazama kioo chake kuona kama kuna wa kungojwa. Dada Mkubwa alimshika Fundi mkono, akaubana, akaingia upande wa pili. Gari likawaka. Kitinda alikuwa amefumba macho, na alibaki amefumba hivyo hivyo mpaka gari lilipokata kona ya chini na vumbi likafunika barabara.

Fundi alipanda kilima. Wenye nyumba walikuwa bado wamesimama palepale, ndoo imejaa, maua hayajamwagiliwa. Mzee alivua kofia. Bibi alimshika Fundi kiwiko, akamwongoza ndani kama anavyoongozwa mgonjwa, akamweleza kwa maneno ya kuokotaokota kwamba chumba ni chake mpaka atakapotaka, hata akitaka mwezi. Fundi alimshukuru. Alisema atapumzika kidogo.

Alikuwa amekaa kitandani, upande wa mumewe, simu ilipolia. Aliirukia. Lakini jina lililotokea lilikuwa la mama yake mzazi, mwanamke ambaye hakupiga simu tangu waondoke, kwa kuhofia kuwasumbua.

"Mwanangu, nisamehe," mama alisema. "Nimevumilia nimeshindwa. Nilitaka sauti yako tu. Huko kuzuri?"

"Kuzuri, mama."

"Hebu nisimulie."

Fundi alisimulia. Alimweleza ziwa lilivyo, na roshani, na mzee na bibi wanaogombania maua. Mama alicheka. Alisema siku hizi akienda dukani hapiti tena njia ya nyuma. Anapita ya mbele, na wale waliokuwa wakimuulizia binti yake kwa sauti ya matanga sasa wanamuulizia kwa wivu. Alisema Mungu si wa mtu mmoja. Alisema, kwa aibu kidogo, "Hebu mpe mkwe wangu simu nimsalimie. Mara moja tu."

"Amelala, mama."

"Jua lote hili?"

"Amechoka na safari."

Mama akacheka chini kwa chini, kicheko cha mtu mzima aliyegusa jambo lisilomhusu. "Basi mwache alale, usimwamshe. Lakini umfunike, mwanangu. Upepo wa ziwani si mzuri."

"Nimemfunika," alisema Fundi.

Akasubiri mama akate simu kwanza.